Jile ya mifuko ao sakado ya kawaida?



Kijana mmoja wa hapa Kavimvira, rafiki ya mdogo wangu, alinionyesha video ku telefone yake. Batu wamevaa jile zenye mifuko kifuani, wanakimbia mu pori, wanapiga risasi za bongo. Ni airsoft. Kwa asiyeujua, huu ni mchezo ulioanzia Japani: mnapigana kwa bunduki za kuigiza zinazorusha vipunje vya plastiki vya milimita 6, anayeguswa anatoka nje. Hapa kwetu sijaona mtu anaucheza, na kwa hali tunayoishi simshauri mtu aanze.

Lakini yeye hakutaka bunduki. Alitaka jile.

"Yaya, ona iyi. Haina buzito, iko na mifuko munane. Minaweza kuiagiza Bujumbura. Nikipanda mulima ku kazi, bintu byote biko hapa mbele."

Kazi yake mnaijua, wengi wetu njo tunaishi nayo baada ya diploma: leo unahoji batu Kiliba, kesho unapanda milima na mafishi mia mbili, maji, telefone mbili na sharjeri. Kubeba ni sehemu ya kazi. Kwa hiyo swali lake si la kitoto, na niliona nilijibu hapa kusudi lisaidie na wengine.

Nianze na jambo ambalo wauzaji wa vifaa vya airsoft hawaliandiki, juu kwao si shida. Kule Ulaya, mtu akivaa jile kama ya askari siku ya mungu, watu wanajua anaenda kucheza. Hapa Uvira, ukifika ku bariere na mifuko ya magazini kifuani, aliyesimama pale haoni mhitimu mwenye karatasi ya misheni. Anaona mtu wa upande fulani, na swali linabaki moja tu: upande gani? Asubuhi unaweza kukuta basoda, saa sita Wazalendo, jioni wengine kabisa. Jile moja haiwezi kukueleza vizuri kwa wote. Na si kwetu peke yetu: Uganda, mwaka wa 2019, serikali ilitangaza ku gazeti lake rasmi kwamba mavazi yanayofanana na ya jeshi, hata bereti nyekundu, raia hawaruhusiwi kuyavaa.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kilo, uliza sura. Acha rangi ya majani, acha kaki, acha madoadoa. Acha hata ile mikanda midogo iliyoshonwa safu kwa safu mbele ya begi. Mfumo ule unaitwa MOLLE, jeshi la Marekani liliuleta miaka ya 1990 kusudi kila askari abandike mifuko mahali anapotaka. Ni akili nzuri, sikatai, lakini mtu wa bariere anaijua ile mikanda kuliko weye. Bluu ya mtoto wa shule, nyekundu, kijivu: hizo ndizo rangi za kupanda nazo mlima.

Sasa, kuna kitu cha kujifunza ku wale wachezaji? Kiko. Wachezaji wenye uzoefu wanajua kosa la mgeni ni kuiga mzigo wa askari bila kuwa na kazi ya askari. Kipunje kimoja cha kawaida kina gramu 0.20, maana yake elfu moja ni gramu 200 tu. Mtu anabeba gramu 200 za risasi ndani ya jile iliyotengenezwa kubeba chuma! Jile yenyewe inakuwa nzito kuliko kilichomo. Njo maana wazoefu wanarudi ku mkanda wa kiuno na mifuko miwili, basi. Na hata jeshi lenyewe lina kesi hiyo. Mwaka wa 1950 Mmarekani S.L.A. Marshall aliandika kitabu kizima juu ya mzigo wa askari, akieleza namna uzito ulivyowamaliza nguvu vijana waliotua Normandie mwaka wa 1944.

Kijana wetu naye alitaka kuiga mchezaji anayemwiga askari. Mara mbili mbali na kazi yake.

Nilimwambia amwage vyote juu ya meza. Mafishi, kalamu, telefone mbili, betri ya nje, chupa mbili za lita moja na nusu, koti ya mvua, mkate, sandali, na dosie ya plastiki yenye diploma zake za asili. Tulipima ku mizani ya jirani anayeuza maharagi. Kilo saba na kidogo. Maji peke yake kilo tatu! Lita ya maji ni kilo, hakuna kiwanda kitakachobadilisha hiyo. Lakini usiyaache maji nyumbani kisha ukanywe ku mto, kipindupindu cha Uvira tunakijua wote. Beba lita moja na nusu, pamoja na vidonge vya klorini ambavyo havifiki hata gramu chache. Ukipata maji huko juu, yachuje kwa kitambaa safi kama yana udongo, weka kidonge, ngoja dakika nusu saa ao zile zilizoandikwa ku paketi. Umeshusha kilo moja na nusu bila kununua kitu.

Diploma za asili zilirudi nyumbani. Kazi ya siku mbili haihitaji diploma, inahitaji kadi na karatasi ya misheni.

Kiisha, begi yenyewe. Sakado ya kijeshi ya chagua aliyokuwa anatumia ilikuwa na kilo 1.9 tupu. Sakado ya mwanafunzi ya dada yake, gramu 600. Hapo ndipo batu wengi wanadanganyika: wanatafuta begi "nguvu" wanapata begi nzito. Ku vitambaa vya nailoni utakuta namba yenye herufi D, kama 500D ao 1000D. D ni denier, uzito wa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Kwa hiyo uzi wa 1000D ni mzito mara mbili kuliko wa 500D. Kwa kilo tano, sita, hata 500D ni nyingi. Sakado haipasuki kitambaani mara nyingi, inapasukia pale mkanda wa bega unaposhonwa. Ukifika soko, igeuze ndani nje, angalia pale: mshono uwe umerudiwa, ukiwa na alama ya X ni vizuri. Vuta kwa mikono miwili mbele ya muuzaji. Akikasirika, ujue.

Mzigo ukae wapi ku mwili? Karibu na mgongo, juu kidogo, katikati ya mabega. Kizito ndani, chepesi nje. Begi ikiwa na mkanda wa kiuno mpana, ukaze juu ya mifupa ya nyonga, mabega yapumue. Jile ya kifuani ina shida nyingine hapa: inafunika macho yasione miguu wakati unateremka mawe, na kando ya ziwa, mita 770 hivi juu ya bahari, kifua kinachemka. Na usisahau viatu. Uzito ku mguu unauinua kila hatua, wataalamu wanasema kilo moja mguuni inachosha kama kilo tano hivi mgongoni. Mtu ananunua sakado nyepesi, kisha anavaa bote za kijeshi!

Bamama wetu wanaoteremsha makala na mihogo kutoka milimani wanatumia kamba ku kipaji. Sisi tuliosoma tunaipita tu, lakini mwaka wa 1986 watafiti walichapisha mu jarida la Nature kipimo walichofanya Kenya: wanawake Waluo waliobeba kichwani na Wakikuyu waliobeba kwa mkanda wa kipaji waliweza kubeba mpaka asilimia 20 ya uzito wa mwili bila kutumia nguvu zaidi ya kutembea mikono mitupu. Kwa mwanamke wa kilo 60, hiyo ni kilo 12. Tafiti za baadaye Afrika Kusini hazikuiona faida hiyo kwa kila mtu, na shingo inalipa bei yake, kwa hiyo usianze leo na gunia. Mwili ule umejengwa tangu utoto. Lakini ukiwaona bamama wale wameinama kidogo, mzigo umelala sawa ku mgongo, hauchezi, unaona kanuni ileile ya mizigo: usiyumbe.

Kuna neno moja la maji nisilotaka kuliruka. Ukivuka Ruzizi ao ukipanda mtumbwi, fungua mkanda wa kiuno na ule wa kifua, acha bega moja tu. Mtumbwi ukipinduka, begi iliyofungwa inakuvuta chini. Februari 2025, baada ya Bukavu kuanguka, wengi walivuka Ruzizi kwenda Burundi na mizigo yote waliyoweza kufunga mwilini. Desemba mwaka uleule, vita vilipofika Uvira, tukaona mambo yaleyale tena. Na usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, Mulongwe ilipotoka ku njia yake, watu hawakuwa na saa ya kuchagua sakado. Anayeishi hapa anabeba mizigo ya aina mbili: ile ya kazi, na ile ya kutoka.

Ya kutoka, fanya hivi. Diploma, rileve, akti ya kuzaliwa: ndani ya plastiki nzito, toa hewa, kunja mdomo mara tatu, funga kwa mpira, kisha plastiki ya pili. Picha zake ziwe ku imeli yako, si ku telefone tu. Dawa za mtu anayezitumia kila siku. Taa, sharjeri, nguo moja ya joto, maji. Pima: mama ao mdogo wako aweze kuibeba pia na kutembea nayo saa moja, kwa sababu siku hiyo hujui nani atakuwa nyumbani. Kwetu tulijaribu, mama akazunguka mpaka karibu na mpaka na kurudi. Alitoa viatu vya pili na sufuria ndogo, akasema, "Sufuria nitaomba. Viatu biko ku miguu."

Kijana wetu? Jile alikuwa amekwisha kuiagiza kabla hajaniuliza, alinificha hilo. Ilipofika, tuliipeleka kwa fundi cherehani. Fundi alifungua mikanda yake mizuri laini ya mabega, akaishona ku ile sakado ya bluu ya dada yake. Sasa ina gramu 720, inabeba kilo tano, na imepanda mlima mara tatu. Mifuko munane imebaki kwa fundi, anawekamo nyuzi. Dada yake bado anadai begi yake.