Kadi za Siku Kuu kwa Mkono: Mlango wa Mji wa Kale Katika Karatasi

Msomaji aliyepata kupita Ndia Kuu, katika Mji wa Kale wa Mombasa, ameiona milango ya mbao iliyonakshiwa: miimo yenye minyororo na majani, kizingiti cha juu chenye mawaridi, na mfaa uliosimama katikati. Wengi huipiga picha wakaenda zao. Wachache huiangalia muda wa kutosha kujua ni wapi mchongaji alichimba na ni wapi aliacha. Kutengeneza kadi za siku kuu kwa stensili humlazimisha mtu kuyajua hayo, na kwa sababu hiyo, kuliko ile ya kupunguza gharama, kazi hii yastahili kuelezwa.

Neno stensili si geni kwa makarani. Waliotumia mashine za kurudufisha wakumbuka ile karatasi ya nta iliyopigwa taipu, herufi zikaitoboa na wino ukapenya. Stensili ya kadi ni jambo lile lile, ila matundu hukatwa kwa kisu. Lakini kadi nzuri haitoki katika stensili moja. Hutoka katika tatu au nne, kila moja na rangi yake, zikifuatana juu ya karatasi moja. Mwenye kuijua leso ataelewa upesi: kuna pindo, kuna mji, kuna jina, na kila kimoja kina mahali pake. Wala kutia rangi kadi kwa mkono si jambo la jana. Kadi ya kwanza ya Krismasi iliyouzwa madukani, ambayo John Callcott Horsley alimchorea Henry Cole huko London mwaka 1843, mistari yake ilipigwa chapa na rangi zikatiwa kwa mkono.

Vifaa si vya kutisha. Jalada la plastiki la kufunikia ripoti hufaa sana kwa stensili, kwa kuwa laoshwa na laona upande wa pili; karatasi ngumu ya faili pia hufaa, ingawa haidumu. Pata kisu chembamba chenye makali, karatasi nene ya kadi, vidonge vya wino wa mihuri wa rangi mbalimbali, na vipande vya sponji, kila rangi na kipande chake.

Sasa uchoraji. Simama mbele ya mlango wenyewe ukachore, au tumia picha uliyoipiga mwenyewe, kisha uigawe kazi kwa tabaka. Tabaka la kwanza ni tao lote likiwa wazi, kwa ajili ya rangi nyepesi ya nyuma. La pili ni miimo na mbao za mlango. La tatu ni nakshi peke yake, kwa rangi iliyokoza. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama. Ukikata duara ukitaka waridi libaki katikati yake, waridi lote litaanguka pamoja na duara, maana halikushikwa na kitu. Yabidi uache vidaraja vyembamba vya kulishika. Ukitafuta mahali pa kuviweka utauona mlango kwa jicho jipya: jani limegusa shina hapa, pete ya mnyororo imepita chini ya mwenziwe pale. Milango kadhaa ya pwani yetu imekwisha kung'olewa na kuuzwa, na picha iliyopigwa mbio haionyeshi mambo hayo.

Ili tabaka zisipishane, pigilia vipande viwili vya ubao juu ya meza vifanye pembe. Kila kadi na kila stensili isukumwe mpaka iguse pembe hiyo. Piga tabaka la kwanza kwa kadi zote, ndipo uanze la pili. Anza na rangi nyepesi, umalize na nzito.

Kuchanganya rangi ndiko kunakopendeza zaidi. Gusa wino kidogo, ufute sponji juu ya karatasi chakavu mpaka ikaribie kukauka, kisha uanzie juu ya plastiki, nje ya tundu, ukizungusha taratibu kuingia ndani. Ukitaka mbingu ya magharibi, anza na njano chini, halafu rangi ya chungwa, halafu nyekundu, kila moja ikiingia kidogo katika jirani yake. Usiipitishe zambarau juu ya njano, kwani utapata rangi ya tope. Sponji iliyolowa hupenyeza wino chini ya kingo na kuharibu nakshi yote; haraka ndiyo huleta hayo.

Hewa ya kisiwani ina unyevu, hasa wakati wa masika. Karatasi hunywa unyevu huo ikatanuka, na tabaka la leo huenda lisikae sawa juu ya la juzi. Basi weka karatasi katika bati lenye kifuniko, na ukiweza umalize fungu moja la kadi siku moja, ukizianika kwa vibanio kati ya tabaka na tabaka.

Stensili ya tao haina dini. Ukitia mwezi mwandamo juu yake, ni kadi ya Idi. Ukitia taa za udongo, ni ya Diwali. Ukitia nyota, ni ya Krismasi, wala haitakuwa ngeni, kwa maana hata Kanisa Kuu la Kianglikana la Mombasa, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 20, lina kuba na matao. Kwa kadi ya Idi, usipige chapa tarehe ya Kizungu. Idi hutangulia kwa siku kumi na moja hivi kila mwaka, na siku yenyewe hungoja mwezi uonekane. Andika mwaka wa Hijria, na kama kadi yapelekwa kwa posta, iwe imekwisha kutoka mkononi mwako kabla Ramadhani haijafika katikati.

Ndani pabaki patupu kwa maneno ya kalamu. Siku hizi salamu moja hutumwa kwa simu kwa watu mia kwa pamoja, na kila mpokeaji ajua hivyo. Stensili zioshwe kwa maji kabla wino haujakauka, zilazwe kati ya vitabu viwili, na kila moja iandikwe nambari ya tabaka lake pembeni.