Baridi Yabisi na Sigara: Kuacha ni Sehemu ya Tiba



Katika nyumba zetu nyingi yumo mzee ambaye alfajiri vidole havikunjiki, magoti yamekakamaa na rukuu humpa tabu. Tumezoea kuilaumu hali ya hewa. Lakini baridi yabisi ni maradhi ya kinga ya mwili: kinga iliyowekwa kupambana na vijidudu hugeuka na kushambulia viungo, vikavimba na mwisho kuharibika.

Sigara inaingiaje hapa? Moshi huathiri mapafu na kubadilisha baadhi ya protini zilizomo humo. Kwa aliyerithi uelekeo wa maradhi haya, mwili huweza kuziona protini hizo kuwa adui na kuanza kuzipiga vita. Watafiti wa Sweden walieleza uhusiano huo mwaka 2006. Kwa aliyekwisha kuugua kuna hasara nyingine: dawa kama methotrekseti mara nyingi humsaidia mvutaji kidogo kuliko asiyevuta. Tena baridi yabisi yenyewe huongeza hatari ya maradhi ya moyo, na sigara huzidisha.

Je, akiacha? Hatari ya kupata maradhi haya hupungua taratibu, kwa miaka. Mgonjwa naye asitarajie kuamka kesho bila maumivu. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2019 yalikuta majaribio mawili tu madogo kuhusu njia za kuwasaidia wagonjwa wa viungo kuacha sigara. Lakini faida ya kuacha kwa moyo na mapafu haina shaka, kwa hiyo maumivu yakiendelea isiwe sababu ya kurudi.

Kwa upande wa sheria, Suratul Baqara, aya ya 195, inatukataza kujitia katika maangamizo. Wanavyuoni wengi wa zama hizi wamefutu kwamba sigara ni haramu. Baadhi ya waliotangulia waliona ni makuruhu, kabla madhara yake hayajabainika. Hukumu ni moja kwa Muislamu wa Wete na wa sehemu za bara ambako tumbaku hulimwa kwa biashara. Jani kulimwa nchini mwetu hakulifanyi kuwa salama.

Anayetaka kuacha aweke nia, achague siku, na amwambie daktari wake. Chingamu zenye nikotini husaidia, ila mwenye kufunga azitumie usiku. Siku za mwanzo ndizo ngumu zaidi. Ramadhani ni fursa: aliyeweza kujizuia mpaka magharibi asiifungue saumu kwa sigara. Kuhamia shisha si kuacha. Nasi jamaa tusimsimange mzee wetu. Tumsaidie, na moshi usiingie ndani ya nyumba.

Allah awaponye wagonjwa wetu. Wallahu aalam.