Panya wa Morogoro na mabomu ya Msumbiji

Watoto, mnamjua panya buku? Ni yule mkubwa, mwizi wa mahindi shambani kwa bibi. Huko Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, panya hawa hufundishwa kunusa baruti. (Bibi akisikia atacheka.)

Vita vya Msumbiji viliisha 1992, lakini mabomu yaliyotegwa yalibaki ardhini. Mtu anakwenda kulima, anarudi bila mguu. Kifaa cha kutafuta chuma hulia hata kwa msumari. Panya hajali msumari. Akinusa baruti, anakwaruza udongo, anapewa ndizi. Ni mwepesi, bomu halilipuki. Wataalamu ndio hulitegua.

Panya hawakufanya kazi peke yao, lakini mwaka 2015 Msumbiji ilitangaza kuwa imemaliza kusafisha mashamba yake ya mabomu yaliyojulikana.