Kazi ya Kompyuta Iliyoishia Ng'ambo ya Mto

Kijana aliyehitimu masomo ya kompyuta mjini Kampala au Nairobi, kisha akakaa nyumbani akipeleka maombi ya kazi yasiyojibiwa, huwa mwepesi wa kuamini habari njema. Ndivyo walivyonaswa vijana wengi wa Afrika Mashariki waliosafiri kwenda Thailand mnamo mwaka 2022 na miaka iliyofuata. Waliambiwa kwamba mjini Bangkok kuna makampuni yanayotafuta watu wajuao Kiingereza na kupiga chapa upesi, ili wahudumie wateja kwa kompyuta.

Jambo la kustaajabisha ni adabu ya wakala. Hakuja na sura ya tapeli. Aliwahoji waombaji, akawapima kasi ya kupiga chapa na ufasaha wa Kiingereza, kisha akawataka vyeti vyao. Mtu aliyefaulu mtihani aghalabu haulizi kama mtihani wenyewe ulikuwa wa kweli. Wengine walitumiwa tiketi ya ndege. Wengine walitozwa ada, na wazazi wao wakakopa ili kuilipa.

Bangkok hawakukaa. Walipokelewa uwanjani, wakatiwa garini na kusafirishwa saa nyingi hadi Mae Sot, mji wa mpakani ulio yapata kilomita 500 kutoka Bangkok. Hapo pana Mto Moei, na ng'ambo yake ni Myawaddy, nchini Myanmar. Walivushwa pasipo kugongewa mhuri wowote. Wakajikuta ndani ya kuta zenye walinzi wa silaha, paspoti na simu zao zimechukuliwa.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kompyuta kweli, ila ya namna nyingine. Kila mmoja alipaswa kujifanya tajiri mpweke, awaandikie watu wa Marekani na Ulaya maneno ya mapenzi siku baada ya siku, mpaka wamwamini na kuweka akiba zao katika biashara ya uongo ya sarafu za kidijitali. Wakubwa wa kazi hiyo huiita kuchinja nguruwe, kwa kuwa mtu hulishwa kwanza mpaka anenepe. Asiyetimiza kiwango alipigwa au kuunguzwa kwa umeme, na aliyetaka kuondoka aliambiwa jamaa zake walipe fidia ya maelfu ya dola. Mwaka 2023 ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilieleza kwamba huenda watu wasiopungua 120,000 walikuwa wakishikiliwa Myanmar kwa kazi hiyo, na wengine wapatao 100,000 Kambodia.

Februari 2025 Thailand iliukatia umeme na mafuta upande ule wa mpaka, na watu zaidi ya 7,000 wakatolewa makambini. Walikuwamo Waethiopia, Wakenya na Waganda, ambao baadhi yao walingoja majuma kadhaa kabla ya kupata njia ya kurudi makwao.

Nyumbani nako hapakuwa na raha. Deni la ada lilikuwa palepale, na majirani walinong'ona kwamba kijana alikwenda kwa hiari yake, tena akaiba. Maneno hayo ni ya kikatili, na sheria haiyaungi mkono. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 juu ya biashara ya kusafirisha binadamu inasema kwamba ridhaa ya aliyedanganywa si ridhaa. Uganda ilitunga sheria yake mwaka 2009, na Kenya mwaka 2010. Mzazi asimfiche mwanawe chumbani kwa aibu. Yeye ni shahidi, na wakala huenda bado yupo mtaani akiwahoji wengine.

Kuhusu ada, Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 181 wa mwaka 1997 unakataza wakala kumtoza mtafuta kazi, isipokuwa pale serikali inaporuhusu kwa sababu maalumu. Lakini mama asiyejua mikataba angeweza kuuliza swali dogo zaidi kabla ya safari: viza hii ni ya nini? Wengi wa vijana wale walisafiri kwa viza ya utalii. Walipouliza, wakala aliwajibu kwamba kibali cha kazi wangekipata wakishafika.