Je, Wajua? Wati moja inatosha sebule

Amplifaya ya ukumbini yenye wati 1,000, ikifungwa sebuleni Kitandililo, Makambako, mara nyingi hupeleka wati moja tu kwenye spika. Spika ya kawaida ya nyumbani ikipewa wati hiyo moja hutoa takriban desibeli 87 kwa aliye umbali wa mita moja. Hapo tayari unapaza sauti ili mwenzako akusikie.

Ukiongeza nguvu mara mbili, unapata nyongeza ya desibeli 3 tu. Ili muziki usikike mkubwa mara mbili, nguvu hupandishwa karibu mara kumi: kutoka wati 100 hadi 1,000! Kwa hiyo mwenye wati 200 na jirani yake mwenye 400 karibu wanalingana.

Kinachosumbua hasa ni feni ya kupoza amplifaya hiyo. Kwenye harusi au mkutano wa injili hakuna anayeisikia. Usiku wa Juni, baridi ya Makambako ikiwa imewafungia watu ndani, inavuma mpaka nyimbo za taratibu zinaharibika. Tena huku juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Feni ileile, kwa mwendo uleule, hubeba joto pungufu. Bahati nzuri, baridi inasaidia.

Na muziki wa simu ukitoka mnyonge, huenda amplifaya ni nzima kabisa. Nyingi husubiri volti 1 hivi ndipo zitoe nguvu zote. Simu nyingi hazifiki hapo.