Bei Iliyofichwa Ndani ya Odi

Vijana wetu wengi wanaobeti huzisoma odi, yaani namba zinazozidisha dau la anayeshinda, kama utabiri: mwenye 1.40 anashinda, mwenye 7.00 hana chake. Odi ni bei, na muuzaji ameshatia faida yake humo kabla refa hajapuliza kipenga.

Kazi huanza kwa hesabu. Wataalamu wa kampuni za kubeti, wakisaidiwa na programu za kompyuta, hupima mabao ambayo kila timu hufunga na kufungwa, nani yuko nyumbani, nani majeruhi, kisha hukadiria uwezekano wa kila matokeo. Tuseme mwenyeji kapewa asilimia 50, sare 28, mgeni 22. Jumla ni 100, na odi za haki zingekuwa 2.00, 3.57 na 4.55. Lakini kwenye simu utakuta 1.90, 3.40 na 4.20. Chukua 100 ugawe kwa kila odi: utapata takriban 53, 29 na 24, yaani 106. Hiyo sita iliyozidi ndiyo chakula cha kampuni, na mteja haonyeshwi popote.

Odi zikishatoka hazitulii. Fedha zikimiminika upande mmoja, kampuni huishusha odi ya upande huo na kuipandisha ya mwingine. Na fedha hazina uzito sawa: dau la mtu anayejulikana kwa kushinda mara kwa mara huweza kutikisa odi zaidi kuliko madau ya mashabiki wengi wanaoipenda tu timu yao.

Si kwamba kampuni hazikosei. Agosti 2015 huko Uingereza, Leicester City walipewa 5,000 kwa 1 kuchukua ubingwa, na Mei 2016 wakauchukua. Odi ile ilimaanisha ubingwa mmoja katika misimu 5,000 hivi, wakati Ligi Kuu yenyewe ilianza mwaka 1992! Hakuna takwimu za soka zinazoweza kuthibitisha namba kama hiyo. Kampuni zililipa mamilioni ya pauni, na biashara ikaendelea, kwa kuwa ile sita ya ziada hukusanywa kila siku, katika maelfu ya mechi.

Linaloniumiza zaidi ni mkeka, yaani dau moja linalounganisha mechi kadhaa ambazo zote lazima zitiki. Kwa odi za mfano wetu, anayeweka shilingi 1,000 kwenye mechi moja hutarajia, kwa wastani, kurudishiwa kama 945. Akiunganisha mechi kumi za namna hiyo, odi huzidishwa, na makato ya kampuni nayo huzidishwa humo humo. Wastani wa marejesho hushuka hadi kama shilingi 570. Mkeka ukichanika, kijana huilaumu timu moja iliyomwangusha dakika ya 90, ilhali zaidi ya shilingi 400 zilikuwa zimeshakwenda alipobonyeza kitufe. Ndiyo maana kampuni hutangaza bonasi kwa mikeka yenye mechi nyingi zaidi kuliko kwa anayebeti mechi moja.