Nipatie ya Kulia

Jumamosi moja alikuja kibandani kwangu mchuuzi wa mahindi, mtu mzima mwenye mabega kama mlango. Magunia yake yalikuwa stesheni yakingoja behewa. Akaweka simu mezani, akataka nimjazie kadi: za Van Damme, za Wachina, zile za ngumi. Nikamjazia, akalipa, akaondoka. Alipopiga hatua kama tano akarudi, akainama dirishani na kuteremsha sauti kama mtu anayeuliza dawa ya ugonjwa wa aibu: "Ongeza na moja ya kulia."

Ndivyo zinavyoitwa hapa Kabondo-Dianda, Kongo. Mtu hasemi filamu ya mapenzi wala ya huzuni. Anasema filamu ya kulia, kama unavyosema kuni za kupikia. Kibanda changu ni cha kuchaji simu, na juu ya bati nimefunga paneli mbili za jua. Ndani nina kompyuta ya kubebeka ambayo herufi N imeng'oka, na ndani ya kompyuta nina dunia nzima ya watu wanaopendana kwa taabu. Najua wenye filamu hizo hawapati hata franka kutokana na mimi, na jambo hilo halinipi raha. Ila duka la nakala halali sijaliona upande huu wa Lualaba tangu nizaliwe.

Katika miaka yote ya kujaza kadi nimejifunza kwamba za ngumi huagizwa kwa sauti na za kulia kwa kunong'ona, lakini zinazorudiwa ni za kulia. Mtu akishaona nani kampiga nani, anafuta ili apate nafasi. Ile ya kulia anaitunza mwaka mzima, na simu ikiibwa anakuja kunidai niitafute tena. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza: mwisho anaujua, wimbo anaujua, mahali pa kulia anapajua. Anarudia nini?

Nilipokuwa mtoto sine yetu ilikuwa nyumba ya matofali ya udongo yenye mlango mmoja, mabenchi, televisheni juu ya meza, na grupu ikinguruma nyuma ya ukuta. Grupu ni jenereta, kwa wasomaji wa mbali. Dar es Salaam mahali kama pale huitwa kibanda umiza. Jina hilo nililisikia nikiwa mkubwa, na mgongo wangu ulilielewa kabla ya kichwa. Mama aliuza samaki wakavu wa Kinkondja pale stesheni, na jioni, abiria wakiwa bado wanangoja treni, alifunga kapu lake akaja sine na sisi. Alikaa benchi la nyuma. Nikigeuka kumtazama penye utamu nilikuta anajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Mama, uko nalia?" Jibu lilikuwa moja siku zote: "Siko nalia. Ni moshi ya grupu."

Mji wetu ni mtoto wa reli. Kampuni ya BCK ilifika Bukama mwaka 1918, kisha njia ikavuka Lualaba, ikapita kwetu kwenda Kamina, hadi Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, mwaka 1928. Ukitaka kujua habari za familia yoyote hapa, uliza nani alipanda treni na nani alirudi. Labda ndiyo maana filamu zilizoshika mizizi kwetu zina treni ndani.

Mfalme wao ni ile ya Kihindi iitwayo Dilwale Dulhania Le Jayenge, filamu ya kwanza ya Aditya Chopra, iliyoanza kuonyeshwa tarehe 20 Oktoba 1995. Raj na Simran, watoto wa Wahindi wa London, wanakutana safarini Ulaya, ndani ya treni. Baba wa binti amekwisha kumwahidi kwa mtoto wa rafiki yake huko Punjab. Mama wa Simran mwenyewe anawaambia vijana watoroke, na Raj anakataa: atamchukua kwa mkono wa baba yake, au asimchukue kabisa. Mwishoni wako stesheni. Raj amejaa damu, treni inaanza kwenda, Simran anataka kukimbia, na baba amemshika mkono. Kisha anauachia.

Huko Mumbai ukumbi wa Maratha Mandir uliendelea kuionyesha hadi Desemba 2014 ikatimiza wiki 1,000, na hata hapo haikuondolewa. Ukumbi huo uko karibu na stesheni kuu ya Mumbai Central, na miongoni mwa waliokuwa wakikata tiketi ni wasafiri wenye mizigo yao wanaongoja treni. Niliposikia hivyo nikacheka peke yangu: kumbe Mama alikuwa na wenzake.

Kihindi hatukukijua hata neno. Tulikuwa na mzee wa sine, mstaafu wa reli, aliyesimama kando ya televisheni na fimbo na kutueleza kila kitu kwa Kiswahili chetu, na Kiluba kidogo penye matusi. Kwake baba wa Simran alikuwa shefu wa stesheni na Raj kijana wa Kamina asiye na ng'ombe wala kazi. Pale mwisho aliacha kueleza, akageuka kuwa mmoja wetu, akapiga meza kwa fimbo: "Baba, achia mutoto! Treni inaenda!" Nasi sote tulipiga kelele naye, watu waliokwisha kuona mara kumi kwamba ataachia.

Nikimkumbuka mzee huyo nakumbuka pia kwamba wakati wa Wabelgiji filamu za kuonyeshwa kwa Wakongo zilichujwa kwanza. Mwaka 1952 Louis Van Bever, aliyeshughulikia sinema katika serikali ya koloni, alitoa kitabu kizima kuhusu sinema kwa Waafrika, na fikra ya siku zile ilikuwa kwamba sisi tupewe mambo mepesi, yasiyorukaruka. Ningependa wakubwa hao wangekaa nasi benchini wakaona mama wasiojua kusoma wakibishana kama baba wa Simran alilegea kwa sababu ya binti, au kwa sababu alijiona yeye mwenyewe ujanani.

Mwanamke mmoja Mmarekani, Linda Williams, bingwa wa mambo ya sinema, aliandika mwaka 1991 kwamba kila aina ya filamu ina saa yake. Za kutisha huja mapema mno, kabla hujajiandaa. Za machozi ni za kuchelewa. Barua inasomwa mwandishi akishakufa. Mtoto anaomba radhi kaburini. Sisi tulioko benchini tunajua kila kitu na hatuwezi kufanya lolote. "Angalia nyuma yako!" Mama alikuwa akimwambia mwanamke aliye ndani ya kioo. Hakuangalia hata siku moja. Machozi yanatoka penye nafasi hiyo, kati ya kujua na kutoweza. Na watu wa stesheni wanaijua nafasi hiyo kwa vipimo: ni urefu wa mkono unaotoka dirishani na mkono unaokimbia chini.

Waingereza walilielewa jambo hili kwa ukali wao wa kimya. Katika Brief Encounter ya David Lean, ya 1945, mke wa mtu na mume wa mtu wanapendana katika mkahawa wa stesheni. Siku ya kuagana milele, wamebakiwa na dakika chache, anaingia shoga mmoja wa yule mama, anaketi mezani kwao na kuanza kupiga soga. Treni inafika. Mwanamume hawezi kusema neno. Anamgusa bega tu, anatoka. Kwetu shangazi wa namna hiyo yuko katika kila msafara wa kuaga. Nilipowaonyesha wateja wangu sehemu hiyo walimtukana shoga huyo kwa lugha tatu.

Kiswahili nacho kina bahati ambayo wengine hawana. Kwetu ngoma inalia, kengele inalia, treni inalia, mtu analia. Ukilijua hilo utaielewa filamu iitwayo Pakeezah bila mfasiri. Mwanamke wa kucheza ngoma kwa matajiri, Sahibjaan, amelala ndani ya treni. Mgeni anaingia kwa bahati, anamwona, anamwachia kikaratasi mguuni cha kuusifu unyayo wake, anashuka. Tangu siku hiyo kila treni ikilia usiku, mwanamke anashtuka. Kamal Amrohi alihangaika na filamu hiyo karibu miaka 15. Mwigizaji wake Meena Kumari alikuwa mke wake. Wakaachana kazi ikiwa njiani, kisha akarudi kuimaliza, tayari mgonjwa. Ilitoka Februari 1972, na tarehe 31 Machi mwaka huohuo Meena Kumari akafariki. Watu walikwenda kumtazama mwanamke aliye hai kiooni huku wakijua yuko kaburini. Kuchelewa gani kunazidi huko?

Na sisi tuna wetu. Filamu za Tanzania zilipoingia hapa zilitukuta tumezoea kucheka kwa Kiswahili chetu pamoja na kundi la Mufwankolo wa Lubumbashi, mambo ya ndoa na michepuko. Steven Kanumba alituletea kulia, tena kwa Kiswahili bora, kama tunavyokiita kile cha pwani. Vijana walikariri. Jirani yangu mmoja alimwambia msichana chini ya mwembe kwamba anampenda kwa dhati, msichana akauliza, "Dhati ni nani?" Uchumba ukavunjika siku mbili kwa ajili ya huyo Dhati.

Kanumba alifariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28, na alipozikwa Kinondoni umati haukuhesabika. Huku kwetu hakuna aliyemjua ila kwa kioo, lakini mama wa soko walikaa chini wakalia. Sisi msiba wenyewe tunauita kilio. Mtu anasema anakwenda kilio. Na kila aliyewahi kukaa kilio anajua siri yake: maiti ni mmoja, lakini kila mama analilia wa kwake. Anayezikwa ni mlango tu. Mama alimlilia Kanumba siku nzima, na mara mbili nilisikia akitaja jina la baba yangu.

Nadhani yule mchuuzi wa mahindi naye alikuwa anatafuta mlango. Mwanamume mwenye mabega yale hawezi kuketi sokoni akalia bila watu kumuuliza kafiwa na nani. Filamu haimuulizi.

Sasa Titanic. James Cameron aliitoa mwaka 1997, saa tatu na dakika 14, ikapata Oscar 11. Tanzania, mwaka 1998, Joshua Amandus Mtani aliichora kuwa hadithi ya picha, Mkasa wa Mapenzi ndani ya Titanic. Kwetu haikuhitaji kuchorwa, kwa kuwa mzee wa sine aliichora kwa mdomo. Usiku wa kwanza Jack alizama, watu wakatoka kimya, na dada yangu mkubwa hakula. Kijana wake alikuwa ameondoka miezi michache kabla kwenda Kolwezi kuchimba kobalti. Alituma habari mara mbili kupitia watu wa treni, kisha hakutuma tena. Yaya, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, alikwenda stesheni kila treni ikilia, na alibeba ndoo ili ionekane anakwenda maji.

Sijui kama mzee alimwona uso au alitaka tu kuuza tiketi. Usiku wa pili, pale Jack anapozama, alisimama mbele ya kioo na kueleza kwamba huko chini kuna mashua ya wavuvi wa Moba, imemwokota, yuko Moba kwa sasa, anapona. Watu walipiga makofi. Yaya alicheka, mara ya kwanza tangu kiangazi. Mama peke yake alisimama benchini akadai arudishiwe franka zake. "Umemwokoa," alisema, "sasa mimi nililipia nini?"

Waligombana mpaka grupu ikaishiwa mafuta. Mzee akaamua kwamba Jumanne Jack atakufa na Alhamisi ataokolewa na watu wa Moba. Ikawa hivyo karibu mwezi mzima: Mama na mabenchi ya wajane Jumanne, Yaya na wasichana Alhamisi. Mimi mtoto niliingia siku zote mbili, na hadi leo sijui niliipenda ipi zaidi.

Mzee alikwisha kufa, na sine ni ghala la mahindi. Yaya aliolewa Kamina na mwalimu, mtu mpole, wana watoto wanne. Nikienda kumtembelea hubeba kompyuta, na watoto huomba ile ya meli. Yaya anaketi nao, anaeleza nani ni nani, anaimba penye wimbo. Meli ikishagonga barafu, anainuka, anajifuta mikono kwenye kitenge na kusema anakwenda kupika bukari. Mara ya mwisho nilimwambia, "Yaya, bukari tumekwisha kula." Alikuwa amefika jikoni tayari.